Karatasi isijue kazi kupita weye: maneno tuliyosema Kapata

Maneno haya tuliyasema Kapata siku ya posho, mbele ya wanafunzi na vijana wanaotafuta kazi. Tumeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Mahali tulipocheka sana tumepunguza.



Leo hatukuja na bango, wala hatukuja kuita mtu barabarani. Tumekuja kuzungumza juu ya dosie ya kazi. Najua, wengine wanasema, mouvement citoyen na CV, vinaingiliana wapi? Vinaingiliana hapa: kijana anayetafuta kazi miaka mitatu bila jibu, huyo njo raia tunayesema kila siku kwamba ana haki. Na sasa kuna kitu kipya katika mkono wake, ile akili ya bandia ya kwenye simu, ile wengi wanaita IA. ChatGPT ilitoka mwisho wa mwaka 2022, nyingine zikafuata, na leo karibu kila mwanafunzi wa chuo hapa Kolwezi amekwisha kujaribu moja ao ameona mwenzake anajaribu. Wengi wanaitumia kwa barua ya kazi. Na sisi tunaitumia. Tusijifiche.

Tuanze na wazee wetu. Leo ni siku ya posho, na jina hilo la Jumamosi limetoka kwa ile posho ya kampuni, chakula walichopewa wafanyakazi wa mgodi. Posho ilikwisha zamani, jina limebaki. Kapata yenyewe ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni. Tukiwauliza papa zetu, “Ulipoomba kazi uliandika nini?” wanatucheka. Papa mmoja wa hapa alitujibu: “Shiye tuliingia ku Gécamines na mikono, haiko na barua.” Mtoto wa mfanyakazi alisoma kwenye masomo ya kampuni, akajifunza ufundi, akapewa namba ya kazi, basi. Halafu kampuni ikaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa katika mpango ulioitwa “kuondoka kwa hiari”, kwa pesa za Banki ya Dunia. Hiari gani, waulizeni mama zetu.

Leo migodi imetuzunguka: KCC, Sicomines, COMMUS, Mutanda, na mingine. Lakini mlango wa kuingilia si ule tena. Mwaka 2021, shirika la RAID pamoja na CAJJ ya hapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti, wakasema zaidi ya nusu ya wafanyakazi wameajiriwa na kampuni za sutretansi. Maana yake, barua yako haiendi kwa mgodi unaouona pale ng'ambo. Inaenda kwa biro ndogo mjini, nyuma ya geti, kwa mtu ambaye hajui baba yako alikuwa nani. Huyo mtu ana karatasi tu. Kwa hiyo karatasi imekuwa kitu kikubwa, na sisi watoto wa mikono tumelazimika kuwa watu wa karatasi.

Sasa habari ya mwenzetu mmoja. Ametupa ruhusa tuiseme, jina tunaliacha, na kampuni pia tunaiacha. Alisoma mekanika. Wakati wa likizo alikuwa akisaidia gareji ya mjomba wake: pikipiki, Fuso, wakati mwingine jenereta. Kazi ya kweli, mikono yake inaonyesha. Akaona tangazo la sutretansi moja, wanatafuta wasaidizi wa mekanika. Akafungua simu usiku, megas zilikuwa zinakwisha, akaandika mstari mmoja tu: niandikie CV na barua ya fundi mekanika kwa kampuni ya mgodi. Dakika moja, kitu kizuri sana kikatoka. Kifaransa cha profesa. Hakukisoma mpaka mwisho. Akakipeleka.

Wakamwita! Tulifurahi wote, tukamwazima viatu. Kwenye intaviu, fundi mmoja mzee akafungua CV akauliza: “Hapa umeandika una miaka mitatu ya uzoefu kwa malori ya kubebea mawe mgodini. Hebu nieleze, lori likipoteza nguvu kwenye mlima, unaanza kuangalia wapi?” Mwenzetu akanyamaza. Hakujua hata kwamba maneno hayo yamo ndani ya CV yake. Akajaribu kusema, “Haiko miye niliandika, ni telefone njo iliandika.” Yule mzee hakukasirika. Alifunga karatasi, akasema: “Karatasi yako inajua kazi kupita weye.”

Tumefikiri sana juu ya maneno hayo. Mwenzetu hakuwa mwongo. Na ubaya ni huu: yale aliyoyajua kweli, Fuso, jenereta, namna ya kufungua injini bila vifaa vyote, hayakuwa kwenye karatasi hata kidogo. Walikuwa wanatafuta wasaidizi, si mafundi wakubwa. Pengine Fuso zingetosha. Simu ilimpandisha mpaka mahali asipoweza kusimama, na ile ngazi yake halisi ikamtoa.

Na tuseme lingine ambalo halichekeshi. Mgodini uongo wa karatasi unaweza kuua. Ukiandika unajua kufunga umeme wa mashine kabla ya kuitengeneza, siku moja watakuambia ufunge, na mwenzako ataingiza mkono akiamini umefunga. Sisi wa Kapata tumezika watu wa kutosha.

Kwa nini simu inafanya vile? Haina roho mbaya, wala si pepo. Mashine hii ilifundishwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno gani linafaa kufuata neno gani. Haikujui. Ukiiambia “fundi mekanika wa mgodi”, inatoa kile kinachofanana na CV nyingi za fundi wa mgodi, na CV nyingi za namna hiyo zina miaka ya uzoefu, zina magari makubwa, zina “kuongoza timu”. Mahali ulipoacha shimo, inajaza. Inajaza kwa sauti ya uhakika kabisa, ile ile inayotumia kwa mambo ya kweli, na hapo njo mtego ulipo.

Tena ilifundishwa zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa kuliko kwa Kiswahili, na Kiswahili inachokijua si hiki chetu. Ukiandika kama tunavyosema hapa, inakusahihisha kama vile umezaliwa Dar es Salaam. Tumezoea.

Wapo watu wanaomfundisha, muwajue. Jarida la Time la Marekani liliandika Januari 2023 kwamba vijana wa Nairobi, wanaosema Kiswahili kama sisi, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome maandishi machafu na kuyatia alama, mashine ijifunze kuyaepuka. Na betri ya simu nyingi ina kobalti, ambayo sehemu kubwa ya ile ya dunia inatoka nchini mwetu. Hatusemi muache kuitumia. Tunasema muitumie bila aibu na bila kuiabudu, juu watu wa upande wetu wameilipia tayari.

Kuna wakubwa wanaotuambia: kijana akiandika barua na IA, anaiba. Tunawaheshimu, lakini hapa hatukubali. Nani hajui sekretaria za mjini, zile za kompyuta moja na printa moja? Kwa miaka na miaka tumelipa makuta pale, na barua ilikuwa ile ile kwa kila mtu. “Nina heshima ya kuja mbele ya wema wako mkuu…” Mwenye mashine alibadilisha jina, tarehe na kampuni, akakupa. Wengine hata jina la mtu wa kwanza lilibaki ndani! Na mtoto wa bosi, barua yake ilisahihishwa na mjomba mwenye lisansi, jioni, sebuleni, akinywa Simba yake. Hakuna aliyesema anaiba. Sisi hatukuwa na mjomba huyo. Sasa simu inaweza kuwa huyo mjomba kidogo. Tofauti ni kwamba mjomba wa kweli angeuliza: “Weye, ile mambo ulifanya kweli?”

Kwa hiyo tumejifunza kumwomba huyu mjomba wa simu aulize. Namna yetu ni hii, tuliijaribu wenyewe kabla ya kuja hapa.

Anza bila simu. Chukua kaye na bik. Andika kwa Kiswahili chako, kile cha nyumbani, si cha redio: ulifanya wapi, lini, muda gani, kwa chombo gani, nani alikuwa anakuangalia, na siku gani mambo yaliharibika. Hiyo ya mwisho msiiache. Dada mmoja wa kwetu alifanya staji ya wiki sita katika labo, alikuwa akitayarisha sampuli za mawe: kuzikausha, kuzivunja, kuzigawanya, kuzisaga, kuzipa namba. Simu ilimwandikia kwamba yeye ni “mtaalamu mwenye nguvu na mapenzi ya ubora”. Tukamwuliza, haya, ubora ni nini? Akacheka. Halafu akasimulia kwamba siku moja aliona vifuko viwili vina namba moja. Wenzake walitaka kwenda nyumbani, gari lilikuwa linangoja. Yeye alisimamisha kazi, wakarudi nyuma mpaka wakapata pale namba ilipokosewa. Tukamwambia: andika hiyo! Ile njo ubora. Mistari miwili tu. Hakuna mashine duniani ingeweza kuibuni, juu hakuna aliyekuwa pale isipokuwa yeye.

Baada ya kaye, ndipo ufungue simu. Bandika maneno yako pamoja na tangazo la kazi, halafu uiamrishe wazi: tafsiri kwa Kifaransa kizuri chepesi, usiongeze kitu hata kimoja ambacho sijasema, na kama kuna kitu kinakosekana, niulize kwanza. Amri hiyo inabadilisha mambo mengi. Haibadilishi yote, bado inaweza kuteleza, kwa hiyo soma kila mstari kwa sauti, mbele ya mtu. Mstari ambao huwezi kumweleza mdogo wako kwa Kiswahili, toa. Sisi tukikaa pamoja tuliweka barua nne mezani, nne zilianza kwa sentensi moja, neno kwa neno, na mbili zilikuwa zinaenda kwa kampuni moja. Fikirini yule wa biro anayezisoma.

Kwa wale ambao tangazo lao liko kwa Kiingereza, ao wanaopeleka kwa Wachina, simu inasaidia kuelewa kinachoombwa. Hapo ni msaada mkubwa, tusidanganyane. Lakini usiandike kwamba unasema Kiingereza kwa sababu simu inakisema.

Halafu, kabla ya intaviu, geuza mchezo. Iambie: wewe ni bosi wa mekanika, hii ni CV yangu, niulize maswali kumi magumu, moja moja. Mwenzetu wa malori tulimfanyisha hivyo baadaye. Swali la tatu lilikuwa karibu lile lile la yule mzee. Alibaki anaangalia simu, hakusema kitu. Kwa maoni yetu matumizi haya ni mazuri kuliko yote, na njo yale watu hawayafikirii.

Megas: tunajua bei. Andika kila kitu kwenye kaye ao kwenye noti za simu wakati umezima data, fungua, bandika, pokea, nakili, funga. Watu watatu wanaweza kutumia simu moja jioni moja.

Sasa kitu cha hatari. Msibandike mle ndani namba ya karti ya uchaguzi, wala picha yake, wala picha ya diploma, wala namba za simu za watu wanaokudhamini. Weka X mahali pa namba, utajaza mwenyewe baadaye. Nchi yetu ina Code du numérique tangu Machi 2023, na ndani yake kuna ulinzi wa habari za mtu binafsi, lakini karatasi ya sheria haiwezi kurudisha picha iliyokwisha kwenda. Na kama kwenye staji uliona karatasi za kampuni, mipango, namba za madini, hizo si zako. Usizibandike. Utapoteza kazi kabla ya kuipata.

Hatari nyingine imebadilika uso. Zamani tangazo la uongo tulilijua kwa Kifaransa chake kibovu. “Kampuni inatafuta wafanyakazi 200, tuma dola 20 za dosie kwa namba hii.” Makosa matatu kwenye mstari mmoja, tunacheka, tunafuta. Leo mwizi naye ana simu. Barua yake ni safi, ina nembo, ina saini, inakuita Bwana Inzhenyeri. Kwa hiyo usafi wa barua hauonyeshi chochote tena. Nenda kwa miguu mpaka getini, uliza kwa ONEM, uliza mtu anayefanya kazi pale. Na mtu akikuomba pesa ili upokelewe dosie, leta habari hiyo kwetu na ujumbe wenyewe, usiufute.

Mjue pia kwamba upande wa pili nao wana mashine. Kampuni kubwa za dunia zinachuja CV kwa kompyuta. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba Amazon ilikuwa imejaribu mashine ya kuchagua CV, ikalazimika kuiacha kwa sababu ilikuwa inashusha wanawake: ilijifunza kwa CV za zamani, na za zamani nyingi zilikuwa za wanaume. Fikirini mashine iliyojifunza kwa dosie za zamani za migodi yetu, mama zetu wangekuwa wapi mle ndani. Siku kampuni za hapa zikianza kuchuja hivyo, tunataka tuambiwe, na tunataka mtu mwenye jina ajibu.

Wengine mnasema, na mnasema kweli: hata barua ikiwa dhahabu, kazi inatolewa kwa simu ya mjomba. Branshema. Hatuna jibu la kuwadanganya. Barua nzuri haivunji branshema. Lakini ina faida moja: ikiwa dosie yako ni ya kweli na imekamilika, na umeipeleka kwa tarehe inayojulikana, hawawezi kusema hawakupata mtu wa Kapata anayefaa. Leo wanasema vile kila siku, na sisi hatuna cha kuwaonyesha.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache kwa kampuni za migodi na za sutretansi, na kwa wakubwa wa jimbo la Lualaba. Matangazo ya kazi yabandikwe kwa ONEM na kwa biro za komuni, kwenye karatasi, si kwa grupu za WhatsApp za wachache. Kila dosie inayopokelewa ipigwe stampu na tarehe kwenye kopi ya mwenye dosie. Anayekataliwa aambiwe, hata kwa ujumbe wa mstari mmoja. Na kazi ya msaidizi isiombe miaka mitano ya uzoefu, juu ombi la namna hiyo njo linalofundisha vijana kudanganya, kuliko simu.

Na kwetu wenyewe: kila mtu apeleke kopi mbili, moja ibaki na stampu. Wakikataa kupiga stampu, andika siku, saa na geti. Tumefungua kaye kubwa, iko kwa wenzetu wa Kapata, mnaandika: nilipeleka wapi, lini, kwa kazi gani, nilijibiwa ao hapana. Jina lako linabaki kwetu, hesabu tu njo tutaipeleka kwa komuni.

Yule mwenzetu wa mekanika ameandika CV mpya. Ni ukurasa mmoja. Fuso zimo, jenereta imo, mjomba yumo kama shahidi. Ameipeleka kwa kampuni mbili, moja imepiga stampu, nyingine mlinzi aliipokea kwa dirisha akasema watapiga simu. Anangoja.

Siku ya posho inayokuja tutakuwa hapa tena kuanzia saa nane. Simu tatu zitakuwepo na megas tumechangia. Wenye kazi za labo na umeme waje mapema, dada yetu atakaa nao kwanza. Leteni kaye iliyokwisha kuandikwa. Asiyeandika kitu atakaa pembeni aandike, na bik tutampa.